Mwandiko huu wa nani?

Tanga, 9 Machi 2025

Mwanangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Nimeshafuturu. Uji umebaki nusu sufuria kwa kuwa siku hizi hakuna wa kuumaliza, na sasa nimekaa barazani na barua yako.

Umeniuliza: mama, wewe uliyeweka vitabu vya hesabu miaka yote, ungemheshimu tena mtu kama Tom Goldstein, yule wakili wa Marekani? Halafu ukanieleza habari zake kana kwamba ni mgeni kwangu. Tangu uingie chuo cha sheria huko Baltimore, lini jina hilo limepumzika nyumbani humu? Najua kwamba amesimama mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani zaidi ya mara arobaini, kwamba mwaka 2000 alikuwa miongoni mwa mawakili wa Al Gore, yule mgombea urais, kwamba yeye na mkewe Amy Howe ndio walioanzisha SCOTUSblog, tovuti ya habari za mahakama hiyo, mwaka 2002. Na ile ya Juni 2012 umenisimulia si chini ya mara tatu: siku ya hukumu ya bima ya afya ya Obama, televisheni za CNN na Fox zikakimbilia kutangaza kuwa sheria imeanguka, na tovuti yake ikaisoma hukumu kwanza, ndipo ikasema imesimama. Ulikuwa ukisimulia kwa fahari utadhani ni mjomba wako.

Sasa tangu Januari ana mashtaka 22 katika mahakama ya shirikisho hapo Maryland. Poka, yaani karata za fedha, ya mamilioni ya dola, ushindi ambao eti hakuutaja kwenye kodi, maombi ya mkopo wa nyumba ambayo madeni yake hayakuandikwa. Amekana yote. Nimekuelewa kwamba inakuuma.

Lakini kilichonikosesha usingizi ni sentensi moja tu uliyoipita mbio. Umeandika kwamba, kwa mujibu wa mashtaka, madeni ya kamari yalilipwa kwa fedha za ofisi yake ya uwakili na kuingizwa vitabuni kama gharama za ofisi. Nikaiweka barua chini. Nikajiuliza: aliyeingiza ni nani? Maana wakili wa kiwango kile hajazi leja kwa mkono wake. Kuna mtu aliyeambiwa andika, akaandika.

Unajua kwamba nilifanya kazi dukani kwa baba yako mkubwa kabla hujazaliwa, na unajua kwamba niliacha. Kwa nini niliacha, hukuwahi kuambiwa. Baba yako hakupenda lisemwe, na sasa wote wawili wametangulia, Mungu awarehemu.

Ilikuwa 1986. Duka la jumla, sukari, unga na khanga, na mimi nikiwa karani, mke mpya kwenye ukoo. Baba mkubwa alikuwa akicheza karata za fedha usiku, nyuma ya ghala la mtu. Tulijua sote, hakuna aliyetamka. Asubuhi moja alikuja kabla ya mlango kufunguliwa, shati la jana, macho mekundu. Akahesabu shilingi elfu kumi na nane kutoka kwenye sanduku. Mshahara wangu wa mwaka mzima usingefika hapo. Akasema kwa upole, maana hakuwa mtu wa kufoka: “Shemeji, andika usafirishaji. Lori kutoka Korogwe.”

Hapakuwa na lori. Mimi niliyefundishwa, na niliyekufundisha wewe, kwamba daftari huandikwa siku ileile na lisemalo ndilo lililotokea, nilichukua kalamu ya wino wa buluu nikaandika: Usafirishaji, Korogwe, 18,000. Niliandika siku ileile. Nusu ya kanuni yangu niliitimiza, nusu nikaichinja.

Miezi minane baadaye akaja afisa wa kodi. Kijana mpole, amevaa kaunda suti. Alipitia kurasa taratibu, akafika pale, akaomba risiti ya lori. Haikuwepo. Akaweka kidole chini ya mstari, nakiona mpaka leo, ukucha umekatwa vizuri, akauliza: “Mwandiko huu wa nani?”

Nikasema, wangu.

Baba yako mkubwa alikuwa hatua tatu kutoka pale, akipanga mawe ya mizani, kubwa mpaka dogo, kisha akayapanga upya. Hakugeuka. Hakunitazama siku ile wala hakulitaja tena jambo lile maisha yake yote. Faini alilipa, akauza kiwanja cha Pongwe. Mimi nikarudi nyumbani na khanga yangu.

Lakini wee, usije ukamchukia. Ndiye aliyekulipia ada ya sekondari baba yako alipougua. Saa uliyovaa ni yake. Sasa niambie, mtu wa namna hiyo unamwekaje kwenye mizani? Nikisema alikuwa mwizi, nakumbuka ile ada. Nikisema alikuwa mwema, nakiona kidole cha yule kijana. Miaka karibu arobaini nazunguka hapo.

Umenieleza mwenyewe kwamba sheria za Marekani haziulizi kama kamari ni haramu. Ushindi wote ni pato, na hasara huwezi kuitoa kupita ulichoshinda. Na mamlaka yao ya kodi inamtaka mchezaji awe na daftari, tarehe, mahali, alichoshinda na alichopoteza. Niliposoma hapo nilipiga makofi. Ndicho ninachosema siku zote! Daftari siku ileile! Mtu aliyeandika hivyo, hata akipoteza nyumba mezani, hana la kumficha afisa. Mwanasheria aliyeishi kwa kusoma maandishi ya wengine mpaka nukta ya mwisho anakosaje kuandika ya kwake?

Basi, naanza kuhukumu. Ngoja nijizuie. Pengine aliandika, pengine kuna aliyekosea, pengine vitabu vitasema visivyosemwa na mashtaka. Amekana, na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba hukumu husomwa mpaka mwisho kabla ya kutangazwa. Sitaki kuwa CNN wa Tanga. Ila ulimi unaniwasha, Mungu anajua.

Greenbelt, iliko mahakama hiyo, si mbali na unapokaa, umeniambia unaweza kwenda kusikiliza kesi ikianza. Nenda. Mawakili usinieleze sana. Siku atakapopanda kizimbani mtu wa hesabu wa ile ofisi, au yeyote aliyejaza vile vitabu, kaa mahali unapouona uso wake. Wakimwonyesha ukurasa na kumuuliza nani aliandika, mtazame Goldstein. Kisha uniandikie kama aliinua macho akamtazama, au alikuwa akipanga karatasi zake.

Mama yako