Ukitaka kubobea kwenye uchumi wa kisiasa, anza na swali la kwenu

Wadogo zangu wawili waliomaliza kidato cha sita wameniuliza jambo moja: wakichukua shahada ya uchumi, waipangeje ili wabobee kwenye uchumi wa kisiasa, yaani jinsi siasa na uchumi zinavyoathiriana? Nawajibu hapa kwa kirefu, maana nilipoanza mimi sikuwa na wa kumuuliza.

Niliingia chuo mwaka 2018. Novemba ile mwalimu alikuwa ubaoni anachora ugavi na mahitaji, simu yangu inatetema mfukoni. Ni mama, kutoka Newala. Korosho zake, gunia nane, zilikuwa ghalani, naye amebaki na stakabadhi ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, aliyoikunja ndani ya mfuko wa nailoni. Wakulima walikuwa wamegomea minada kwa sababu bei ilikuwa chini ya shilingi 3,000 kwa kilo, na msimu uliotangulia ilifika 4,000. Serikali ikatangaza itanunua yenyewe kwa 3,300, jeshi likapewa kazi ya kusomba. Kisha ukaja uhakiki, kuwasaka wa kangomba, yaani wanaonunua korosho kwa magendo, na malipo yakazidi kuchelewa.

Mchoro wa ubaoni ulinifundisha kwamba bei ikishikiliwa juu ya ile ya soko, mzigo utakosa mnunuzi. Ni kweli, usiudharau. Lakini haukunieleza kwa nini Juni ya mwaka huohuo sheria ilibadilishwa, na ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje ya nchi, ambao asilimia 65 yake ilikuwa ya kuendeleza zao, ukaelekezwa wote Mfuko Mkuu wa Serikali. Nani aliamua? Nani alipinga? Nani atanunua salfa, dawa ya kupulizia mikorosho? Hapo nikajua ninachotaka kusoma.

Basi kabla hujafungua orodha ya kozi, andika swali lako kwenye karatasi. Liwe la pamba ya Shinyanga, mkonge wa Tanga au kodi ya machinga, mradi linakukosesha usingizi. Ukilishika, kozi za hiari utazichagua kwa sababu, hutafuata tu wenzako wanakokwenda.

Sasa hesabu. Hapa nakuomba unisikilize. Mimi nilitoka HGE (Historia, Jiografia na Uchumi), hesabu yangu ni BAM tu, ile ya msingi, na kaka mmoja wa mwaka wa tatu akaniambia watu wa uchumi wa kisiasa hawahitaji hesabu nzito. Nikamwamini. Nilipofika kwenye utafiti wa mwisho nilikuwa na bei za minada ya misimu kadhaa mezani, na sikujua la kuzifanya. Nililazimika kukaa na wanafunzi wa mwaka wa pili kujifunza upya ekonometriki, yaani takwimu za kupimia mambo ya uchumi, jioni baada ya jioni. Chukua hesabu na takwimu mwaka wa kwanza, ungali na nguvu. Asiyeweza kusoma jedwali la takwimu atabaki kumtegemea anayeweza, na mara nyingi huyo ndiye anayeandika sera.

Fedha za umma usiikose kabisa. Kwangu ndiyo kozi iliyonifungua macho kuliko zote. Kisha toka nje ya idara: sayansi ya siasa, sheria ya ardhi ikiwezekana, na historia ya uchumi. Historia ndiyo iliyonieleza kwa nini bibi yangu aliacha mikorosho yake ikageuka pori alipohamishiwa kijiji cha ujamaa miaka ya 1970. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani zipatazo 145,000, kisha mavuno yakaporomoka. Kabla ya hapo, nyumbani tulizoea kusema tu kwamba mikorosho ilizeeka.

Na usingoje mwaka wa tatu ndipo uanze kusoma nyaraka. Taarifa rasmi za mijadala ya Bunge ziko wazi kwa kila mtu. Nilisoma ule mjadala wa ushuru wa korosho mbunge kwa mbunge, kalamu mkononi, nikiandika pembeni jimbo la kila aliyesimama. Kazi ile ilinichukua likizo nzima, na utafiti wangu ulizaliwa humo. Ya kwako ianze likizo ya kwanza, hata kwa kurasa kumi kwa siku.