Mwanangu, uliniuliza kama nitaolewa tena

Mwanangu,

Juzi kwenye simu uliniuliza, "Mama, utaolewa na yule mzee?" nami nikasingizia mtandao. Mtandao haukuwa na neno. Jibu ndilo lililokosekana.

Nianzie kliniki ya presha, ndipo nilipomwona. Tulikaa foleni karibu saa tatu nzima. Kila mtu ananung'unika, yeye katulia na kadi yake mapajani. Nimewaambia tangu mko wadogo: mtu humjui mpaka umwone anavyosubiri. Baba yenu, Mungu amrehemu, kusubiri hakukuwa kwake. Mnazikumbuka zile honi getini na mimi bado natafuta viatu. Nilimpenda na honi zake, miaka 31.

Mzee akapewa dawa, maandishi madogo kama sisimizi. Miwani kaisahau nyumbani, akaniomba yangu. Akavaa, akasoma, akaniambia, "Kumbe macho yetu yamechoka sawasawa." Nilitembea na maneno hayo wiki nzima.

Sasa lile linaloniuma. Mwezi uliopita alikuja kunijulia hali. Niko jikoni, kopo limegoma kufunguka, nikaita. Nikaita jina la baba yenu. Nikabaki nimesimama na kopo mkononi, natamani ardhi inimeze. Akaja, akalifungua, akaliweka mezani. Akasema taratibu, "Na mimi juzi nilikuita jina la marehemu mke wangu. Ukaitika." Sikio langu la kushoto unalijua.

Ujanani huoana watu wawili. Sisi tungekuwa wanne, na wawili wako kaburini. Nimeuguza mume mmoja hadi mwisho. Ninazo nguvu za kuuguza wa pili? Na nikitangulia kuugua mimi, nimbebeshe mzigo alioutua juzi tu? Dada yako anawaza nyumba. Simlaumu, hati zitakaa sawa kwanza.

Usiku mwingine najiambia: labda anajua kusubiri kwa sababu hana pa kwenda. Hapana. Asiye na pa kwenda ndiye hunung'unika zaidi, nimewaona pale kliniki. Mtu humjui mpaka umwone anavyosubiri, na huyu hajaniharakisha hata siku moja.

Ungeniuliza kama ninampenda, ningekujibu palepale. La kuolewa, njooni nyote wawili mkae naye sebuleni. Mimi kwa upande wangu naona... basi, siandiki. Njooni kwanza.

Mama yako