Faida ya lambo kwenye andiko la mradi inahesabiwaje? Jibu kwa dada wa Handeni

Dada, nimesoma swali lako. Umesema kamati ya kijiji ilizidisha mita za ujazo za lambo kwa bei ya dumu, ikapata mamilioni, na halmashauri ikawarudishia andiko. Nimefanya kazi za mipango mkoani Tanga kwa miaka mingi na maandiko ya aina hiyo nimeyapitia tele. Waliowarudishia hawajawaonea. Maji yanayojaa lambo si faida bado. Kinachohesabiwa ni mabadiliko katika maisha ya watu maji yakiwepo, ukilinganisha na jinsi wangeishi miaka hiyohiyo lambo lisipojengwa.

Anza na muda wa akina mama, kwa sababu huko kwenu ndiko faida kubwa iliko. Tuchukulie kaya 400, na kila kaya inaokoa saa 2 kwa siku. Kwa siku 365 ni saa 292,000. Lakini masika watu wanakinga maji ya bati na madimbwi yako karibu, kwa hiyo lambo haliwaokolei kitu. Foleni ya kweli iko Julai hadi Oktoba, siku 120 hivi. Saa zinashuka hadi 96,000. Kibarua cha shambani kikiwa 8,000 kwa saa 8, saa moja ni 1,000, na wapangaji wengi huchukua nusu yake tu kwa kuwa si kila saa inayookolewa hugeuka kipato. Unabaki na shilingi milioni 48 kwa mwaka badala ya milioni 292. Ni ndogo, lakini utaitetea mbele ya mtu yeyote.

Sasa jiulize kama maji yatafika hiyo Oktoba. Hapa ndipo maandiko mengi huanguka. Kwenye joto letu, maji ya wazi hupoteza kina cha mita moja na nusu hadi mbili kwa mwaka kwa kuvukizwa na jua peke yake. Lambo la kina cha mita 3 limeshapoteza nusu kabla ng'ombe hajanywa. Nenda kwenye lambo la zamani lililo jirani mwishoni mwa kiangazi uangalie kwa macho yako: tope limepasuka pembezoni, mifugo imezama hadi magotini, na akina mama wamechimba vishimo hatua chache kutoka ukingoni ili maji yajichuje ndipo wayachote kwa kopo. Kwenye karatasi lambo hilo bado limeandikwa kwa ujazo wa siku lilipozinduliwa. Hesabu yako itumie maji yanayopatikana hata mwaka wa mvua haba, tena uwaulize wazee ukame wa namna hiyo huja kila baada ya miaka mingapi. Lambo linalokauka mwaka wa njaa limewakosesha faida mwaka ule ule mliolihitaji kuliko yote.

Tope nalo lina hesabu yake. Tanga mjini wanakunywa maji ya mto Zigi kupitia bwawa la Mabayani, na udongo unaoshuka kutoka mashamba ya milimani unakula nafasi ya maji na kupandisha gharama ya kuyasafisha. Ndiyo maana wakulima wa juu, kupitia umoja wao wa UWAMAKIZI, wamo katika kazi ya kuutunza mto. Weka kwenye andiko gharama ya matuta, miti na kuchota tope. Bila hizo, usihesabu faida ya miaka 30. Na hata ukiihesabu, fedha za mbali hupunguzwa thamani: shilingi milioni 1 ya mwaka wa 30, kwa kiwango cha punguzo (asilimia inayotumika kushusha thamani ya fedha kwa kila mwaka wa kusubiri) cha asilimia 10, leo ni kama shilingi 57,000. Kwa asilimia 6 ni kama 174,000. Onyesha zote mbili.

Mifugo na bustani za nyanya mnaweza kuongeza, ila toa mbegu, dawa na nguvu kazi kwanza. Na ukishahesabu mavuno, usihesabu tena kupanda kwa bei ya shamba, maana ni faida ileile.

Kitu cha mwisho, ambacho watu hukiruka. Kama kijito chenu kinaingia mto Pangani, maji mtakayozuia yana mwenyewe huko chini. Maji yanayoachiliwa bwawa la Nyumba ya Mungu huzungusha mitambo ya umeme palepale, ya megawati 8, kisha kituo cha Hale megawati 21, halafu Maporomoko Mapya ya Pangani megawati 68. Na mto ukipungua, chumvi ya bahari hupanda hadi mashamba ya watu wa Pangani mjini. Lambo dogo litawagusa kidogo sana, lakini kadirieni hasara hiyo na muiandike upande wa gharama. Kibali cha bodi ya maji ya bonde lenu mtakihitaji vyovyote vile; kwa bonde la Pangani ni Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani.

Weka hapa kina mlichopanga, idadi ya kaya, umbali wa maji wanayochota sasa kiangazi na mwezi ambao lambo la jirani hukauka. Nikivipata nitakuandalia jedwali, mlipitie pamoja kwenye kamati kabla ya kurudisha andiko.