Simfoni redioni usiku, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo mhariri. Niko Mikindani, Mtwara. Mjomba kaja kukaa kwetu, basi kila usiku anaunga bando anafungulia BBC Radio 3, stesheni ya Uingereza ya muziki wa klasiki na mazungumzo, mara mtu anachambua mashairi, mara okestra nusu saa nzima na hakuna anayeimba. Natamani kuelewa ila nasinzia. Alafu muziki ukinyamaza mbona hawapigi makofi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usianze na usiku mzima, utachoka bure. Muombe mjomba akuwekee Simfoni ya 5 ya Beethoven, mtunzi wa Ujerumani, peke yake (simfoni ni utungo mrefu wa okestra), ni kama nusu saa hivi, na kesho yake urudie hiyohiyo. Inaanza na noti nne, tatu fupi moja ndefu, ta-ta-ta-taaa, zishike hizo, maana zinahama toka kwenye fidla zinaingia kwenye mabaragumu, zinapotea zinarudi, we zifuate tu kama unavyomfuata mpiga ngoma kiongozi kwenye sindimba. Mwisho wa sehemu ya tatu tega sikio vizuri sana: okestra inashuka mpaka karibu haisikiki, ngoma inagonga polepole kwa chini, alafu bila kupumzika sehemu ya nne inalipuka na matromboni, yale matarumbeta makubwa ya kuvuta, ambayo hayakuwepo tangu mwanzo. Hapo husinzii, nakuhakikishia! Na wakati wa vita kuu ya pili BBC walitumia mdundo ule wa mwanzo kwenye matangazo yao ya Ulaya, sababu kwenye Morse, zile alama za simu za nukta na mistari, fupi tatu na ndefu moja ni herufi V, alama ya ushindi.

Makofi sasa. Simfoni hiyo ina sehemu 4, kile kimya ni cha kuvuka tu kwenda nyingine. Enzi za Beethoven mwenyewe watu walikuwa wanapiga makofi katikati, desturi ya kusubiri imekuja baadaye.

Mazungumzo nayo usiyaruke. Radio 3 ilianza mwaka 1967, imetokana na Third Programme ya BBC hiyohiyo, iliyoanza 29 Septemba 1946, stesheni ya jioni tu, na pale mhadhara ukiwa mrefu waliuacha uishe, kitu ambacho redio nyingi hazikupi. Muulize mjomba mapema leo anazungumziwa nani, ukijua jina tu inasaidia sana.

Kuanzia Julai mpaka Septemba Radio 3 inarusha Proms, tamasha la konsati za kila mwaka, moja kwa moja toka London. Nyingi zinaanza saa 1:30 jioni ya kwao, huku kwetu ni saa 3:30 usiku, kwahiyo mmeshakula na vyombo vimeoshwa.