Chakula kikavu cha bei ya juu au nyama mbichi: ushauri kwa anayefuga mbwa Mombasa

Wafugaji wa mbwa wakikutana Mombasa, iwe ni ufuoni Nyali asubuhi au kwenye foleni ya daktari wa mifugo, mazungumzo hayachukui muda kufikia chakula: wewe wako unampa cha gunia au unampa nyama mbichi? Nimelisha kwa njia zote mbili, nikiwa na mbwa wa ulinzi wa kilo 30 hivi, na msimamo wangu nitautoa mapema ili msomaji mwenye haraka asisumbuke. Kwa nyumba nyingi za mji huu, chakula kikavu kilicho mlo kamili, kikitunzwa vizuri na kuongezewa kitoweo kidogo kilichopikwa, kinafaa kuliko nyama mbichi. Sababu yangu kubwa inahusu joto letu, unyevu wa hewa yetu na stima yetu kuliko inavyohusu tumbo la mbwa.

Hata hivyo, watetezi wa nyama mbichi wasipuuzwe. Mtindo huu ulipata nguvu baada ya daktari wa mifugo wa Australia, Ian Billinghurst, kuandika kitabu kuuhusu mwaka 1993, na baadhi ya yanayosemwa juu yake ni kweli kabisa. Mbwa huila nyama hiyo kwa hamu, hupata maji mengi ndani ya chakula chenyewe, na kinyesi chake hupungua na kuwa kigumu, jambo ambalo anayefagia uani ataliona upesi. Hoja ninayoikataa ni ile ya kwamba mbwa ni mbwamwitu aliyefungwa mnyororo, kwa hiyo wanga haumfai. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa mbwa wana nakala nyingi zaidi kuliko mbwamwitu za jeni inayosaidia kumeng'enya wanga, na yeyote aliyewahi kuona mbwa wa askari wa getini akimaliza sufuria ya ugali na omena hakuhitaji maabara kumwambia hivyo.

Hoja nyingine inayopotosha watu ni ya protini. Utasikia kwamba gunia la bei ghali lina protini asilimia 26 na nyama ina 20, kwa hiyo gunia limeshinda. Hesabu hiyo haijakamilika. Gramu 100 za nyama ya ng'ombe zina takriban gramu 70 za maji, na ukiyaondoa, gramu 20 za protini zinabaki ndani ya gramu 30 tu, yaani theluthi mbili. Chakula kikavu chenye maji asilimia 10 hubaki na protini isiyofika theluthi moja. Hesabu hiyohiyo inafichua ujanja wa lebo. Viungo huorodheshwa kwa uzito kabla ya kupikwa, ndiyo maana kuku mbichi, ambaye zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji, hutangulia kwenye orodha na kumfurahisha mnunuzi, ilhali maji hayo hayamo tena ndani ya gunia.

Basi mtu analipia nini anaponunua gunia la bei ya juu? Kwa maoni yangu, kitu kimoja kinachostahili fedha ni uhakika kwamba chakula hicho ni mlo kamili kwa mbwa wa umri fulani, kwa kufuata viwango vya lishe vya AAFCO, chama cha wakaguzi wa chakula cha wanyama cha Marekani, au vya FEDIAF, chama cha watengenezaji wa chakula hicho Ulaya. Maneno hayo huandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya gunia; picha ya mbwamwitu huwekwa mbele. Kukosekana kwa nafaka si dalili ya ubora. Mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kuchunguza uwezekano wa uhusiano kati ya ugonjwa wa moyo wa mbwa na vyakula vyenye dengu, njegere au viazi kwa wingi, vingi vikiwa vile visivyo na nafaka. Uhusiano huo haukuthibitishwa, lakini mimi siongezi shilingi kwa sababu ya sifa hiyo.

Ukamilifu huo ndio unaokosekana kwa urahisi kwenye bakuli la nyama. Nyama tupu ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, ilhali mwili wa mbwa unahitaji kalsiamu iwe angalau sawa na fosforasi. Mtoto wa mbwa anayelishwa nyama bila mifupa wala kiongeza cha kalsiamu huanza kuchukua madini kutoka kwenye mifupa yake mwenyewe. Niliwahi kumwona mmoja huko Bamburi, wa aina ya mbwa wakubwa, amenona na manyoya yanang'aa, lakini miguu ya mbele imepinda na kila hatua inamuuma. Mwenyewe alikuwa akimnunulia steki.

Sasa tuje kwenye joto. Ukienda Kongowea asubuhi utapata shingo za kuku, firigisi, mapafu na matumbo kwa bei nafuu kuliko nyama ya sahani, na muuzaji atakuhakikishia, "Chukua bosi, hiyo ni ya leo." Huenda ni ya leo, lakini ikishapanda matatu hadi Mtwapa ndani ya mfuko, bakteria kama salmonela hupata mazingira wanayoyapenda. Kugandisha hakuwaui, huwalaza tu, na stima ikipotea usiku kucha huamka. Mbwa anaweza kuwabeba bila kuugua na kuwatoa kwa kinyesi na mate, kisha anayeharisha akawa mtoto anayetambaa kwenye sakafu ileile. Chama cha madaktari wa mifugo cha Marekani, AVMA, kilipitisha mwaka 2012 sera ya kutohimiza nyama mbichi kwa sababu kama hizi, na huko friza hazizimikizimiki kama za kwetu.

Kwa mapafu na maini kuna hatari nyingine ambayo Wakenya tunapaswa kuijua zaidi ya wengine, kwa kuwa Turkana imejulikana kwa miaka mingi kwa ugonjwa wa uvimbe wa maji unaoletwa na minyoo aina ya tegu. Mbwa hula viungo vyenye malengelenge hayo, minyoo hukomaa matumboni mwake, na mayai yake humwingia binadamu na kujenga uvimbe kwenye ini au mapafu. Usinunue viungo vya ndani kutoka mahali ambapo nyama haina muhuri wa mkaguzi, na hata vyenye muhuri vichemshe mpaka viive.

Chakula kikavu nacho kina adui yake, na adui huyo ni hewa ya Pwani. Mafuta yake huchacha, na nafaka zikilowa huota ukungu unaoweza kuleta sumukuvu, sumu ileile iliyoua watu 125 katika mkasa wa mahindi wa mwaka 2004 nchini mwetu, na iliyosababisha vyakula vya mbwa kurudishwa viwandani Marekani mwishoni mwa 2020 baada ya mbwa kufa. Kwa hiyo sinunui chakula cha kupimiwa kutoka gunia lililoachwa wazi dukani, hata muuzaji akipunguza bei. Nikifungua gunia langu, kwanza nanusa: likitoa harufu ya mafuta ya zamani ya kukaangia, linarudi lilikotoka. Kisha naliingiza gunia lenyewe ndani ya ndoo yenye kifuniko kinachobana, bila kulimimina, kwa sababu mafuta hung'ang'ania plastiki na kuchachisha chakula kipya, na kwa sababu nahitaji kubaki na nambari ya toleo iliyoandikwa kwenye gunia, iwapo kiwanda kitarudisha chakula hicho.

Kuhusu gharama, linganisha mlo wa siku, usilinganishe kilo kwa kilo. Mbwa wa kilo 30 asiye na kazi nzito hutosheka na takriban gramu 390 za chakula kikavu kizuri, kwa hiyo gunia la kilo 15 humaliza wiki tano na kidogo. Kwa nyama mbichi, kipimo cha kawaida cha asilimia 2.5 ya uzito wake ni gramu 750 kila siku, zaidi ya kilo 22 kwa mwezi, pamoja na nafasi ya friza. Mwenye mbwa mdogo anunue gunia dogo, lisije likachacha kabla ya kuisha, hata kama kilo inagharimu zaidi.

Na kuna suala la jikoni. Katika nyumba nyingi za hapa yuko msaidizi, mpangaji au jamaa Mwislamu, na kwa madhehebu ya Shafi chombo alicholamba mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kumpa mtu huyo kisu na ubao uliokatia nyama ya kumlisha mbwa ni kumkosea adabu. Vyombo vya mbwa viwe vyake, vikae nje, vioshewe nje.

Atakayeamua kumpa nyama mbichi licha ya haya namsihi awe na friza ya peke yake, afuate mpango wa mlo uliotungwa na daktari wa mifugo, na asiwe na mtoto mchanga, mgonjwa wala mzee dhaifu nyumbani. Wangu hupata chakula kikavu asubuhi na jioni, na siku kadhaa kwa wiki naongeza kijiko kikubwa cha samaki au kuku aliyechemshwa bila chumvi wala kitunguu, mifupa yote ikiwa imetolewa, huku nikipunguza kidogo kipimo cha chakula kikavu. Ukibadilisha mlo, changanya cha zamani na kipya kwa muda wa wiki nzima, na kinyesi kikilainika, rudi nyuma hatua moja kabla ya kuendelea.