Jibu: Pikipiki ya injekta inazima ikishapata moto

Kaka, usitoe hela ya kontroli boksi (kompyuta ya injini) kwanza. Umesema Honda yako inawaka vizuri asubuhi, ikishapata moto inazima na haiwaki mpaka ipoe. Kontroli boksi ni kitu cha mwisho kufa. Mafundi wengi waliozoea kabureta hukimbilia kuisingizia.

Siku ikizima tena, pale pale ikiwa bado ya moto, zima swichi kisha ufungue upya bila kupiga stata. Sogeza sikio karibu na tangi. Pampu inatakiwa ivume kama sekunde mbili, halafu inyamaze. Kukiwa kimya, shida ni pampu au umeme wake: fyuzi, rilei (swichi ya umeme inayowasha pampu), au soketi iliyolegea na kuota kutu ya kijani. Ikivuma, bado usiseme pampu ni nzima, maana inaweza kuvuma na presha ikawa ndogo. Hapo ndipo geji ya kupima presha ya mafuta inahitajika. Honda nyingi za aina hii hutaka presha ya karibu kPa 294.

Fungua na kifuniko cha tangi. Ikiwaka baada ya hapo, kitundu cha hewa cha kifuniko kimeziba.

Taa ya injini nayo inasema. Ikikonyeza, hesabu: mkonyezo mrefu ni 10, mfupi ni 1, ukijumlisha unapata namba ya kosa. 7 ni sensa ya joto la injini, na kwa dalili zako ningeanza nayo. 12 ni injekta, kile kinachopulizia petroli injini.

Na kama unapenda kutembea na mafuta ya chini kabisa, acha. Pampu imo ndani ya tangi, inapozwa na petroli hiyo hiyo.