Kwa mnaoripoti Mtwara na Lindi: maumivu ya mnyama nayo ni kazi yako

Afisa mifugo mpya, umepangiwa kituo huku Kusini, iwe Newala, Nanyumbu, Kilwa au Liwale, na begi lako lina kipimajoto, mabomba ya sindano na madaftari ya chuo. Ndigana, ndorobo, kideri na minyoo umefundishwa vya kutosha. Maumivu ya mnyama huenda yalipata kipindi kimoja, mtihani ukaja, yakasahaulika. Nakuandikia kuhusu hayo kwa sababu, ukiacha ugonjwa, maumivu mengi ya mfugo wa huku yanatoka mikononi mwa watu: kuhasi, kutoa pembe, kuvuta ndama, kupiga sindano, kusafirisha, kuchinja. Mara nyingi wewe utakuwepo, na mara nyingi mikono hiyo itakuwa yako.

Anza na jicho. Mbuzi hupiga kelele akikamatwa tu, kabla hata kisu hakijatoka. Kondoo anaweza kukatwa akanyamaza kimya. Ukiyapima maumivu kwa sauti, utamhurumia mbuzi na kumdhulumu kondoo. Ng'ombe anayeumia husaga meno, hupinda mgongo, masikio hulegea, huacha kucheua na hujitenga na wenzake. Kuku hujikunyata, manyoya yakasimama, macho nusu yamefumbwa. Hawa ni wanyama wa kuwindwa. Wameumbwa kuficha udhaifu, na akikuona wewe mgeni umesimama mlangoni mwa zizi atajikaza. Kwa hiyo usiingie haraka. Simama pembeni, watazame wakiwa wametulia. Halafu muulize mtoto anayewachunga. Yeye ndiye anayejua nani leo alibaki nyuma njiani.

Sasa kuhasi, maana ndiyo kazi utakayoitiwa zaidi. Badizo, koleo la kuhasi bila kukata, inapendwa kwa sababu haitoi damu, na watu wamefikia kuamini kwamba pasipo damu hapana maumivu. Si kweli. Koleo lile linaponda mshipa wa korodani ukiwa mzima ndani ya ngozi, na beberu ataendelea kuumia siku kadhaa baada ya wewe kuondoka. Mpira wa kubana korodani nao unaumiza, tena polepole. Ukisema unataka kumpiga ganzi kwanza, mzee wa Kimakonde au Kiyao atakuuliza, na mimi nimeulizwa hivyo hivyo: "Mwanangu, sisi jandoni nani alitupiga ganzi?" Usimcheke wala usimpe hotuba. Mjibu kwa heshima kwamba kijana aliyekwenda jando alijua anachokiendea, alikuwa na mlezi pembeni yake, na alirudi nyumbani akipigiwa ngoma. Beberu hajui lolote katika hayo. Yeye anajua kushikwa na kuumia tu. Wazee wanaelewa. Ukiongeza kwamba mnyama aliyehasiwa kwa ganzi hurudi kula mapema, mazungumzo yamekwisha.

Dawa ya ganzi utakayokuwa nayo ni lignokaini ya asilimia 2, yaani kila mililita moja ina miligramu 20. Hapa nisikilize vizuri, hasa kwa mbuzi wadogo. Kiwango salama cha kufuata ni miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito. Mwanambuzi wa kilo 4 basi haruhusiwi kuzidi miligramu 20, na hiyo ni mililita moja tu kwa mwili mzima. Ukimpa kwa mazoea ya ng'ombe atatetemeka, atapata degedege, na anaweza kufa mikononi mwako mbele ya mwenyewe. Mililita moja ni ndogo kugawa, kwa hiyo ichanganye na mililita moja ya maji safi ya sindano upate mbili za asilimia 1. Ukiwa unatoa vishina vya pembe, zinatosha nusu mililita katika sehemu nne. Kwa nini nne? Ndama ana neva moja kubwa ya pembe kila upande, inayopita kati ya jicho na pembe. Mbuzi ana mbili kila upande, moja nyuma ya jicho na nyingine juu ya kona ya ndani ya jicho. Anayempiga mbuzi ganzi kama ndama anamwacha nusu macho, nusu ganzi, na anashangaa kwa nini anapiga kelele.

Halafu subiri. Ganzi inahitaji dakika tano hadi kumi, na hizo ndizo dakika ambazo kila mtu atakuharakisha. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, mwenyeji wako ana mzigo wa kupeleka ghalani na vijana waliomshikia mbuzi wanataka kurudi shambani. Mpige ganzi wa kwanza, kisha wa pili, kisha wa tatu, ndipo urudi kwa wa kwanza na kisu au chuma cha moto cha pembe. Kabla ya kukata, chokoa ngozi kwa ncha ya sindano. Akishtuka, subiri tena. Ninaamini kwa dhati kwamba tofauti kati ya afisa mifugo mzuri na mbaya inaonekana katika dakika hizo kumi kuliko mahali pengine popote.

Lignokaini inaisha baada ya saa moja, saa na nusu. Maumivu ya jeraha hayaishi muda huo. Ndiyo maana unahitaji pia dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe, kama meloksikamu, na uipige kabla ya kukata, siyo baadaye. Kipimo chake kwa ng'ombe ni nusu miligramu kwa kilo. Usiichanganye na deksamethasoni, dawa nyingine ya uvimbe, maana zikiwa pamoja zinaweza kutoboa tumbo, na usimpe mnyama aliyekaukiwa maji kabla hujamnywesha. Yote haya unayafanya chini ya usimamizi wa daktari wa mifugo wa halmashauri. Mpigie simu, ndiyo kazi yake.

Ukiwa Liwale nakuomba jambo moja zaidi. Huko unapakana na hifadhi, na tumbusi wanaoshuka kwenye mizoga ya ng'ombe ni wale wale wanaosafisha mizoga porini. Dawa iitwayo diklofenaki, ambayo watu wanaijua kwa kutuliza maumivu ya binadamu, akipewa ng'ombe akafa, mzoga wake huwaua tumbusi kwa kuharibu figo zao. Bara Hindi lilipoteza tumbusi karibu wote kwa njia hiyo, sababu ikajulikana mwaka 2004, na India ikaipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006. Meloksikamu haiwadhuru. Huruma kwa ng'ombe isigeuke sumu kwa ndege.

Sindano zenyewe ni maumivu yasiyo ya lazima. Sindano iliyotumika kwa mbuzi thelathini ni butu, inachana nyama na inabeba usaha kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Badilisha. Antibiotiki ya oksitetrasaiklini inauma sana msulini. Kwa ng'ombe mkubwa usizidishe mililita 10 mahali pamoja, igawe. Mbuzi mchome shingoni, si pajani kwenye neva kubwa, asije akaburuta mguu wiki nzima.

Kuku nao. Utawaona wakining'inia miguu juu kwenye pikipiki ya kwenda mnadani, jua la saa sita. Tenga linatosha, lenye nafasi ya kupumua na kivuli. Na kwa kideri, ambacho hakina tiba, huruma pekee ni chanjo ya tone la jicho, kila miezi mitatu au minne, kabla ugonjwa haujaingia kijijini.

Wachache wenu mtapelekwa kwenye utafiti, Naliendele au maabara ya mifugo pale Mtwara mjini. Kanuni za Russell na Burch za mwaka 1959 zinafundishwa hadi leo: badili mnyama kwa njia nyingine ikiwezekana, punguza idadi, boresha namna ya kumtendea. Langu ni hili: kabla jaribio halijaanza, andikeni ni dalili gani mkiiona mnyama anaondolewa, na nani ana ruhusa ya kumwondoa usiku. Pasipo maandishi, kila mtu atamsubiri mkubwa na mnyama atateseka hadi asubuhi.

Mwisho nizungumzie mnyama asiye na matumaini. Huku wafugaji wengi ni Waislamu, na mwenyewe atataka amchinje mapema asife akawa kibudu. Hiyo ni haki yake na mara nyingi ni huruma pia. Lakini ukishampiga dawa, nyama hairuhusiwi hadi muda ulioandikwa kwenye chupa upite, nawe utakuwa umemfungia mlango. Kwa hiyo ng'ombe aliyevunjika paja, au aliyelala chini siku ya tatu baada ya kuzaa, zungumza na mwenyewe kabla hujafungua chupa yoyote. Mweleze kwa ukweli kama atapona. Akiamua kuchinja, mkague mnyama kwanza kama nyama inafaa, hakikisha kisu kimenolewa mbali na macho ya mnyama, asiburutwe kwa mguu uliovunjika, achinjiwe pale pale alipolala. Akiamua kutibu, dawa ya maumivu ipigwe siku hiyo hiyo, na urudi kesho yake kumtazama.